Nywele za Binti wa Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Dakika Mbili. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa na benchi la wateja. Nje ya mlango alikaa fundi viatu, mtu wa maneno mengi hata akiwa na misumari mdomoni.

Jina la Dakika Mbili alilipata kwa watoto. Mtoto akilia kwenye kiti, vinyozi wengine hubembeleza. Yeye hakubembeleza. Alikibana kichwa cha mtoto kifuani kwa mkono wa kushoto, na mashine ikapita. Mtoto alilia, nywele zilidondoka, na kwa dakika mbili kazi ikaisha. Wazazi walimsifu sana.

"Mtoto hajui anachotaka," alipenda kusema. "Wewe maliza kazi. Atanyamaza mwenyewe."

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na kichwa kimoja ambacho mashine haikuwahi kukigusa. Kilikuwa cha binti yake wa miaka mitano. Walimwita Chiriku, kwa sababu alipokuwa mchanga alipiga kelele za furaha kutwa nzima. Alipokaribia miaka miwili, kelele zikapungua. Maneno machache aliyoyajua yakapotea moja moja. Jina likabaki, likiwasuta wazazi kila walipolitamka.

Sasa Chiriku alikuwa na neno moja tu: "Baa." Lilikuwa la baba yake. Kinyozi alipokuja kula mchana, mtoto alisema "Baa," akampanda mgongoni na kulaza shavu shingoni mwake. Hakumtazama usoni. Hakuitika alipoitwa. Lakini mgongoni alipanda kila siku, na baba yake aliona hiyo inatosha.

Wakati mwingine wote Chiriku alizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Pikipiki ikipita nje, aliziba masikio na kujikunja. Kitana akikiona, alikimbilia chini ya kitanda. Mama yake alimchambua nywele kwa vidole, kidogo kidogo, mtoto akiwa usingizini.

"Najua kinyozi hajinyoi," fundi viatu alimtania Dakika Mbili. "Lakini hata mwanawe? Ndege akikiona kile kichwa, atataga."

Kinyozi alicheka. Moyoni hakucheka.

Kisha ikaja siku ya kwanza ya chekechea. Mwalimu wa hapo alimzuia kinyozi na binti yake mlangoni, mbele ya wazazi wengine.

"Hapa nywele ni fupi kwa wote," alisema. "Kamnyoeni kwanza. Kwani baba yake si kinyozi?"

Watu wakacheka. Dakika Mbili akahisi uso unamwaka. Mama Chiriku alikuwa ameshakwenda kazini kwa dobi, anakopiga pasi. Kinyozi hakumngoja. Alimbeba mtoto hadi kibandani, akamwita mama yake mzazi aje.

"Umemdekeza mno huyu," bibi alisema. "Mshike tu."

Bibi akashika mikono. Fundi viatu akaacha nyundo, akashika miguu. Kinyozi akakibana kichwa kama alivyozoea, akawasha mashine.

Chiriku alipiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwa mtoto. Alijinyonga kwa nguvu zote. Alijirusha mara moja, na jino la mashine likachana ncha ya sikio lake. Damu ikatiririka hadi kwenye shuka alilofungwa shingoni. Kinyozi alisita.

"Usiache katikati!" bibi alisema. "Ukiacha, kesho itakuwa mbaya zaidi."

Hakuacha. Na ghafla mtoto akanyamaza. Mwili ukalegea. Macho yakabaki wazi, yakitazama ukutani. Mkojo ukashuka kwenye kiti na kuchuruzika sakafuni.

"Umeona?" kinyozi alisema, akihema. "Ametulia."

Akamaliza kichwa chote. Kilikuwa kimenyolewa vizuri, hilo hatumnyimi.

Mama Chiriku aliporudi jioni alimkuta mtoto chini ya kitanda. Alimtoa, akaona sikio, akaona na alama za vidole mikononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mlikuwa wangapi?"

"Watatu," mume wake alijibu.

"Watatu, kwa mtoto mmoja." Akageuka, akaenda kuchemsha maji ya kumsafisha kidonda.

Siku mbili Chiriku hakula. Alikunywa maji tu. Siku ya tatu baba yake aliingia na harufu ya poda na spiriti ya kibandani. Mtoto aliinua pua, akapiga ukelele uleule, akaanza kugonga kichwa ukutani. Mara tano, mara sita. Mama alimkinga kwa kiganja chake, kiganja kikavimba.

"Toka, Baba Chiriku," alisema. "Nakuomba, toka nje."

Alitoka. Kuanzia siku hiyo alikula chakula chake kwenye ngazi ya mlango. Akikohoa nje, ndani mtoto alijikunja. Neno "Baa" halikusikika tena. Bibi alisema kuna mtu amemroga mjukuu wake, akataja mganga wa kumwagua.

"Mama, mtoto hajarogwa," mkwe wake alimjibu. "Aliyemuumiza tunamjua sote. Yuko hapo kwenye ngazi, anakula."

Dakika Mbili aliyasikia hayo na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini.

Zikapita wiki tano. Asubuhi moja aliingia kibandani mwanamke aliyemshika mkono mtoto wa miaka tisa hivi. Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya upande wa pili wa barabara kuu. Mtoto alikuwa wake wa kumzaa.

"Mkalishe hapa," kinyozi alisema, akinyoosha mkono kwenye mashine. "Dakika mbili tu."

"Hapana, usiwashe," Mwalimu alisema haraka. "Leo hanyolewi. Amekuja kukaa kwenye kiti tu."

Fundi viatu alichungulia ndani. "Mwalimu, kiti chenyewe hakinyoi!"

"Najua. Leo atakaa, ahesabu hadi kumi, tuondoke. Kesho atakaa na kuvaa shuka. Mashine bado sana." Mtoto akakaa, akahesabu polepole akijitikisa, akashuka. "Mwanangu ana usonji," Mwalimu alieleza. "Tukimlazimisha leo, tunampoteza mwaka mzima."

Kinyozi aliiweka mashine mezani. Kisha akaeleza yote, bila kuulizwa: kifuniko cha sufuria, masikio, maneno yaliyopotea, watu watatu, damu. Fundi viatu aliinamia kiatu, asiinue uso.

"Aliponyamaza," kinyozi alimalizia, "nilidhani ametulia."

"Hakutulia," Mwalimu alisema. "Alikata tamaa."

Ukweli ule ulimchoma Dakika Mbili kuliko matusi.

"Ni laana, Mwalimu? Mama yangu anasema tumerogwa."

"Si laana wala uchawi. Na si malezi mabaya ya mama yake. Dalili ulizotaja ni za usonji, ila mimi si daktari. Mpelekeni kliniki ya watoto wampime masikio na ukuaji wake, wao ndio watakaosema. Mtoto mwenye usonji amezaliwa na ubongo unaopokea mambo kwa namna yake. Mlio wa mashine hii, kwako ni nyuki mmoja. Kwake huenda ni mzinga mzima umemwingia sikioni. Hapo watu watatu wanamshika, na hana neno la kusema basi."

"Dawa yake ipo?"

"Ya kuondoa usonji hakuna. Atakayekuuzia anakuibia. Lakini akisaidiwa mapema, hujifunza mengi."

"Na lile neno lake? Litarudi?"

Mwalimu alimtazama. "Sijui, ndugu yangu. Sitakudanganya."

Kliniki walikwenda wote watatu, baba akitembea mbali nyuma yao. Masikio yalikuwa mazima. Muuguzi na daktari walimtazama Chiriku kwa siku kadhaa, wakauliza maswali mengi. Ni usonji, walisema. Mama Chiriku alilia. Miaka mitatu watu walimwambia hajui kulea, na leo mzigo huo ulitoka mabegani mwake. Mwezi uliofuata Chiriku alipata nafasi katika kitengo cha Mwalimu. Huko hakuna aliyeuliza habari za nywele.

Kazi ya baba ilikuwa ngumu zaidi. Mwalimu alimwelekeza. Kila mchana alioga kibandani kwa sabuni isiyo na harufu, akabadili shati. Aliingia ndani taratibu, akakaa karibu na mlango. Hakumwita mtoto wala kumkazia macho. Alichukua kifuniko kingine cha sufuria, akakizungusha sakafuni.

Siku ya kwanza Chiriku alikimbilia chini ya kitanda. Siku ya kumi pia. Fikiria mtu mzima, mwenye jina mtaani, amekaa sakafuni anazungusha kifuniko na hakuna anayemtazama. Bibi alimwona, akasema mwanawe naye amerogwa. Kinyozi hakujibu, akazungusha.

Karibu mwezi mzima ulipita kabla mtoto hajatoka kuja kuzungusha chake, hatua tatu kutoka kwa baba. Kisha hatua mbili. Siku moja vifuniko viligongana. Chiriku hakukimbia. Baba yake alitoka nje, akalia akiwa ameegemea ukuta.

Shuleni Mwalimu alimfundisha Chiriku ishara ya "basi": kiganja wazi, kinasukuma mbele. "Sheria ni moja," aliwaambia wazazi. "Akifanya hivi, kitu kinasimama papo hapo. Hata mkiwa mmebakiza kidogo. Mkimdanganya mara moja, ishara imekufa."

Nywele ziliota, zikasokotana, kichwa kikaanza kumuuma akilala. Baba hakuharakisha. Alileta nyumbani mashine mbovu isiyo na meno, akaiacha sakafuni. Chiriku aliizungusha, akaizoea. Baadaye baba aliigusisha begani mwake ikiwa imezimwa. Akahesabu hadi tatu, akaondoa. Alipoahidi tatu, hakwenda hadi nne. Halafu ukaja mkasi. Halafu mashine nzima, inayolia chumba cha pili, mlango ukiwa umefungwa. Kuna siku kiganja kilisukuma kabla hata hawajaanza, na kazi ikaishia hapo. Wiki moja yote ilipotea kwa sababu pikipiki ilipasua tairi nje ya dirisha.

Mwezi wa nane tangu siku ile ya damu, asubuhi na mapema kabla ya wateja, baba alimleta kibandani. Mlangoni Chiriku alisimama muda mrefu. Fundi viatu aliweka nyundo chini, akanyamaza kimya, jambo ambalo mtaa haujaliona tena tangu siku hiyo. Mtoto akapanda kwenye kiti mwenyewe. Hapakuwa na mkono wa kumbana.

"Tano," baba alisema, akawasha mashine ya sauti ndogo. Alipitisha akihesabu, akazima. "Tano tena." Nywele zikaanguka. Chiriku alikunja vidole vya miguu, macho kayafumba, akavumilia. Upande wa kulia ukaisha. Kovu la sikio likaonekana, jeupe.

Mashine ilipokaribia upande wa kushoto, kiganja kikasukuma mbele.

Kinyozi akazima.

Mteja wa kwanza alikuwa amefika, amekaa kwenye benchi. "Maliza basi, bwana," alisema akicheka. "Utamtoaje mtoto nje hivyo? Watu watasemaje?"

"Waseme," kinyozi alijibu. Alimpangusa binti yake shingo, akafunga kibanda, mteja akabaki nje anashangaa.

Walipita mtaani pamoja, mtoto upande mmoja kipara, upande mwingine msitu. Watu waligeuka. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu. Dakika Mbili alitembea kwa mwendo wa Chiriku, akisimama alipotaka kusimama.

Mama Chiriku alifungua mlango, akashika kichwa. "Baba Chiriku! Mbona umemwachia nusu?"

"Alisema basi."

"Alisema?" Sauti yake ilikatika.

"Kwa mkono," mume wake alijibu. "Nami nikaacha."