Kikopa cha Ukurasa wa Arobaini

Mvua ya Jumamosi ilikuwa imewasukuma watu wa Leeds ndani ya soko la Kirkgate, na harufu ya makoti mabichi ikachanganyika na ya samaki. Maxine Holroyd alikuwa kwenye cherehani yake, akibadilisha zipu ya suruali, alipomwona mwanamume mrefu kwenye meza ya vitabu vya mitumba iliyo mkabala naye. Koti lake la kijani lilikosa kifungo kimoja. Hakuwa akisoma. Alichukua riwaya, akaifungua katikati, akachungulia pembezoni mwa kurasa, akainusa, akairudisha. Kisha nyingine.

"Bwana," Maxine akamwita, "kama kuna hela imefichwa humo, mimi ndiye niliyekuona. Tutagawana."

Yule mtu akacheka. "Si hela. Natafuta watu."

"Ndani ya vitabu?"

"Waliovisoma. Tazama huyu." Akamwonyesha ukurasa wenye doa. "Alikuwa anakula mkate wa siagi. Alipofika hapa akaacha kula."

"Umejuaje?"

"Kurasa zinazofuata ni safi. Mambo yalikuwa yamenoga."

Maxine alimtazama sana. Mwongo, au mwendawazimu, au vyote viwili. Hata hivyo alinyoosha mkono. "Vua hilo koti nikushonee kifungo. Unanitia aibu mbele ya wateja."

Jina lake lilikuwa Gethin Pugh, mtu wa Wales, mwalimu wa historia chuoni. Kazi aliyoipenda ilikuwa kutafuta ushahidi wa jinsi watu wa kawaida wa Uingereza walivyosoma: jikoni, kitandani, ndani ya basi. Ndivyo alivyomweleza Maxine juma lililofuata, wakila keki ya tangawizi, na juma la baada ya hilo, alipomshika mkono kwa mara ya kwanza.

"Watu wako wote wamekufa," Maxine alimtania.

"Ndiyo maana nakuhitaji wewe, kipenzi. Uko hai mno."

Mambo yalikwenda vizuri hadi Maxine alipompeleka Gethin kwa bibi yake mtaani Armley. Bibi Enid alikuwa mama wa kanisa anayeogopwa. Ndiye aliyeamuru riwaya za mapenzi zisiuzwe tena kwenye mnada wa kanisa, maana zinaharibu akili. Siku hiyo alivaa blauzi yake ya bluu na bruchi, pambo la kifuani, akampa Gethin mkono kwa ubaridi, kisha akammiminia chai kavu, bila maziwa. Gethin hunywa hivyo hivyo. Lakini nani alimwambia? Maxine aliliona hilo, akalimeza pamoja na biskuti.

Siku chache baadaye, akiwa nyumbani kwa Gethin, Maxine alimsikia jikoni akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini. "Hapana, hajui. Na kwangu hatajua. Usiwe na wasiwasi."

"Nani huyo?" Maxine aliuliza mlangoni.

"Mambo ya kazi."

Masikio yake yalikuwa mekundu.

Jioni ya Ijumaa walikuwa tena kwa Gethin, naye akashuka kununua samaki na chipsi. Maxine alifungua mkoba wa Gethin akitafuta mwavuli, akakuta riwaya sita za mapenzi, kila jalada lina daktari aliyefungua shati. Zote zilikuwa za maktaba ya Armley, si za zamani hata kidogo. Akafunua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika kila kitabu, chini ya namba ya ukurasa wa arobaini, palichorwa kikopa kidogo, umbo la moyo, kwa wino wa zambarau.

Gethin aliporudi, alikuta vitabu vimepangwa mezani.

"Nani anachora hivi vikopa?"

Akaweka chipsi chini polepole. "Siwezi kukuambia, Max."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi mwanamke?"

"Ndiyo."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na ndiye uliyekuwa ukimwambia kwenye simu kwamba mimi sijui?"

Gethin akageukia chipsi, akaanza kuzifungua. Maxine alivaa skafu, akatia kitabu kimoja mkobani mwake kama polisi anayechukua ushahidi, akaondoka bila mwavuli.

Kesho yake simu iliita akiwa sokoni.

"Niamini kidogo tu, mpenzi."

"Nikuamini kwa lipi? Nipe jina."

"Jina siwezi."

"Basi kaa nalo. Na mimi usinitafute tena." Akakata, akajichoma sindano.

Jumapili alikwenda kula kwa bibi yake, macho yamevimba. Alimwaga vitu vya mkoba mezani akitafuta kitambaa, na kile kitabu kikaanguka kando ya viazi. Bibi Enid alikiokota. Akalamba kidole, akafungua moja kwa moja ukurasa wa arobaini, akautazama, akakifunga.

"Hiki nimeshakisoma," alisema, akachukua bakuli la mchuzi.

Halafu mkono wake ukasimama hewani.

"Bibi."

"Kula, mchuzi unapoa."

"Bibi, vile vikopa ni vyako?"

Bibi kizee alikaa. "Hawa madaktari wote wanafanana, mwanangu. Usipoweka alama, unafika mwisho ndipo unakumbuka kwamba anamwoa muuguzi. Kila mwanamke pale maktaba ana alama yake. Doreen huchora mwavuli. Bwana Pugh aliziona, akabandika tangazo, akaahidi hatatutaja. Nikajitokeza. Nilikuwa nimemjua kabla yako."

"Na chai kavu?"

"Mkono ulinisaliti. Nilidhani umeshanigundua, nikampigia simu."

"Bibi, nimemwacha kwa sababu ya kitabu hiki."

Bibi Enid aliweka bakuli chini. "Na hakusema?"

"Hakusema."

"Hata ulipomwacha?"

"Hata hapo."

"Mimi ningesema," alikiri bibi, akamsogezea koti. "Nenda."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Gethin alifungua mlango akiwa na soksi, ndevu hazijanyolewa.

"Bibi amesema mwenyewe," Maxine alimwambia kutoka kizingitini.

Gethin alifumba macho. "Jana nilimwomba ruhusa. Akasema nisubiri hadi mnada wa kanisa upite."

"Ulimwambia tumeachana?"

"Hapana. Ingekuwa kumlazimisha."

Maxine alimkagua uso kama alivyozoea kuukagua, akitafuta mahali panapofichwa kitu. "Niahidi jambo moja. Hutanificha tena siri ya mtu mwingine."

Gethin alifikiri. Maji yalidondoka kutoka ukingo wa paa.

"Siwezi," alisema hatimaye. "Ningesema ndiyo, ungeingia. Lakini mtu akinipa siri yake, inabaki yake. Zangu tu ndizo ninazoweza kukupa."

Lilikuwa jibu baya. Mtu anayetaka kumrudisha mwanamke kwa hila angekuwa na jibu zuri zaidi.

"Zako zote?"

"Zote. Uliza."

"Nitauliza moja kila siku. Itachukua miaka."

"Unayo miaka, Max?"

"Ninayo. Sogea nipite, nimelowa."