Jina Kwenye Beringi

Aliasgar Allarakha anauza viungo Mji wa Kale. Kila asubuhi hupakia mifuko ya bizari na iliki kwenye pikipiki kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake, akawapelekea wateja wake Marikiti. Pikipiki hiyo imemzidi umri. Inanguruma, inatoa moshi, lakini inafika.

Aliasgar ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: haamini mtu. Maziwa huyaonja mlangoni kabla muuzaji hajaondoka. Akishonesha kanzu, hudai mpaka vipande vya kitambaa vilivyobaki.

Asubuhi moja, alipokaribia Marikiti, usukani ulimtetemeka mikononi. Gurudumu la mbele likayumba na kutoa sauti ya kusaga. Nusura aanguke na mifuko yake mbele ya mikokoteni. Alirudi nyumbani akisukuma pikipiki, uso umekunjamana.

“Karisa ameniibia,” alimwambia mkewe, Tasleem.

Karisa ni fundi wa pikipiki hapo mtaani. Ndiye aliyekuwa fundi wa baba yake Aliasgar pia. Miezi michache nyuma alitia beringi mpya kwenye gurudumu hilo la mbele. Beringi ni pete za chuma zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka vizuri kwenye ekseli yake.

“Amekuibia nini?” Tasleem aliuliza.

“Beringi! Nilizinunua mpya kwa mkono wangu. Mpya hazifi upesi hivi. Ameuza zangu, akanitilia mbovu.”

“Una hakika, Baba Naqiya?”

“Leo nitapata hakika. Zile zangu nilizichora jina.”

Tasleem alishika kiuno. Katika ukoo wao, kila sufuria na kila sinia limechorwa jina ubavuni, lisipotee kwenye karamu za harusi. Hiyo ndiyo desturi yao. Lakini beringi?

“Ulizipeleka kwa mchora masufuria?”

“Naam. Na jina lisipokuwepo, wallahi nitazunguka duka kwa duka, niwaambie wenzangu wote. Hatapata kazi tena mji huu.”

Tasleem aliingiwa na hofu. Karisa hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na spana zake na jina lake zuri, basi.

“Usimwambie mtu neno,” alisema. “Gurudumu lifunguliwe kwanza, mbele ya Swafia.”

Swafia ni jirani yao. Anafundisha ufundi wa pikipiki chuoni. Alasiri alikuja, na Karisa naye akaitwa.

“Salaam aleikum nyote,” alisema Karisa.

Wanawake waliitikia. Aliasgar alitazama pembeni. Hapa Mombasa, kunyimwa salamu ni tusi kubwa, na Karisa alilisikia tusi hilo barabara.

Swafia aliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akatia kibao chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likawa hewani.

“Tupime kabla ya kufungua,” alisema. “Aliasgar, shika tairi juu na chini. Lisukume na kulivuta.”

Ngo, ngo, ngo.

“Linacheza,” alisema Aliasgar.

“Ngoja. Tazama ni nini hasa kinachocheza. Karisa ameushika uma wa mbele, huu unaobeba gurudumu. Uma umetulia?”

“Umetulia.”

“Basi kinachocheza ni gurudumu peke yake. Hapo ni beringi. Uma nao ungecheza, tungetafuta shida kwingine. Sasa lizungushe usikilize.”

Gurudumu lilizunguka likikwaruza, kama mtu anayetafuna mchanga.

Karisa alilifungua. Aliasgar aliinama karibu mno, akiichunga mikono ya fundi. Karisa alitoa beringi moja, akaifuta grisi kwa kitambaa, akampa. Ubavuni palikuwa na herufi safi: ALLARAKHA. Na ya pili vilevile.

Aliasgar aliona aibu hata masikio yakamwaka.

“Niliona jina siku ile nazitia,” alisema Karisa polepole. “Nikajiuliza, huyu kijana yuaogopa n'tazipikia wali? Nikanyamaza. Lakini iliniuma.”

Swafia alizigeuza beringi kwenye mwanga. Zilikuwa na madoa ya buluu na kahawia.

“Hii ni rangi ya moto,” alisema. “Zimekazwa kupita kiasi, zikaungua. Nani alizikaza?”

“Si mimi,” alisema Karisa. “Mimi niliacha mchezo kidogo, wa unywele tu.”

Tasleem alimgeukia mumewe. “Na lile bomba lako la kukazia?”

Ikabidi Aliasgar aseme. Alikuwa ameusikia ule mchezo mdogo. Akadhani Karisa ameacha kusudi, ili apate kazi tena. Basi kila Ijumaa alichomeka bomba refu kwenye spana, akakaza kwa nguvu zake zote.

“Sikiza,” alisema Swafia. “Pikipiki nyingi za sasa, beringi zikicheza hutolewa zikatiwa nyingine. Hii ya zamani ina pete ya kurekebisha. Ukilegeza sana, gurudumu linayumba. Ukikaza sana, beringi zinaungua, kisha linayumba zaidi. Ungeweza kumwangusha hata mtoto wako.”

“Nisamehe, Mzee Karisa,” alisema Aliasgar. “Nilikudhania vibaya.”

“Lete nyingine,” alisema Karisa. “Tutazungumza zikiingia.”

Kesho yake Aliasgar alileta beringi mpya. Safari hii alianza kwa salamu. Karisa alizigeuza ubavu mmoja, akageuza wa pili. Zilikuwa tupu.

“Hukuchora?”

“Sikuchora.”

Karisa alizipaka grisi, akazitia. Kisha akamkabidhi Aliasgar spana. “Kaza wewe. Mpaka usisikie mchezo. Haya, sasa rudisha kidogo. Kidogo! Funga nati ya kuzuia. Pima tena, kwa sababu nati hiyo nayo hukaza.”

Aliasgar alishika tairi. Mchezo ulikuwepo, mdogo mno. Alilizungusha gurudumu, likazunguka kimya.

Alimpakia Tasleem nyuma. Walipita barabara ya Mama Ngina mwendo wa pole, bila kushika breki sana isije ikatia joto, mpaka Feri. Hapo Aliasgar aligusa kitovu cha gurudumu, pale beringi zinapokaa, taratibu, kama Karisa alivyomwagiza. Hakikuwa cha moto.

“Basi lile bomba nitatundikia pazia,” alisema Tasleem.

Wiki hiyo Aliasgar alizunguka duka kwa duka kama alivyoapa. Aliwaambia wenzake wenye pikipiki wampelekee Karisa, na wampe salamu kwanza. Beringi moja iliyoungua ameiweka mezani dukani, inazuia karatasi zisipeperuke. Wateja huisoma, wakauliza kwa nini ina jina.

“Ni yangu,” huwajibu. “Nimeiunguza mwenyewe.”