Nyumba ya Mawe Iliyofuta Alama

Wiki hiyo, kila masomo yalipoisha, wanafunzi wa darasa la sita waliingia mtaa wa zamani kuhesabu watu. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakaandika idadi ukutani kwa chaki na kwenye daftari. Nyumba isiyo na mtu ilipigwa X, na halmashauri ingeibomoa.

Kidomo, msichana ambaye mdomo wake haukujua likizo, alipangiwa nyumba ya mawe, kongwe kuliko zote. Watu walisema ina mashetani. Alipoukaribia mlango akasikia kitu kikikwaruza ndani: kwaru, kwaru. Hakubisha hodi. Akapiga X harakaharaka, akatimua mbio.

Kesho yake X haikuwepo, na ukuta ulikuwa umelowa. Akapiga nyingine. Siku ya tatu nayo ilikuwa imefutwa.

"Mwalimu, kule kuna jini linafuta X!"

"Ulipobisha, lilikujibu nini?"

Kidomo akainamisha kichwa. "Sikubisha, mwalimu. Niliogopa."

"Alaa! Na orodha ya nyumba inapelekwa halmashauri leo saa kumi! Twende."

Mlangoni, Kidomo akaita, "Hodi!"

"Karibu, mjukuu wangu." Akatoka bibi kizee, mkono mmoja kitambaa kibichi, mwingine msumari. "Kumbe ni wewe unayeniua kila siku?"

"Nisamehe, bibi."

"Wa nani wewe?"

"Mama yangu ni yule fundi cherehani wa sokoni."

Bibi akawaonyesha fremu ya mlango. Ilijaa mikwaruzo midogo, mamia kwa mamia, kutoka juu hadi chini. "Nilikuwa mkunga. Kila mkwaruzo ni mtoto niliyempokea humu. Mtaa huu ulijaa watu, we! Wengine wamehama, wengine tumewazika. Nawachonga upya wasifutike, maana ndio majirani niliobaki nao." Kidole chake kikasimama. "Huyu hapa mama yako. Alizaliwa na kelele kama zako."

Kidomo akalia. Akakiomba kile kitambaa, akafuta X ya nyumba ile kwenye daftari lake, karatasi ikachanika kidogo. Kisha akaandika ukutani, kubwa kabisa: 1.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," mwalimu akamwambia. "Kosa ni kuandika usichokiona. Ungemzika mtu angali hai."

"Na kesho upite tena," bibi akasema, "uhakikishe bado nipo."