Mkwe Aliyenyimwa Chupa

Mvua ya kwanza ya Novemba ililiangukia soko la Masasi bila kubisha hodi. Wauza choroko walifunika magunia, wauza mitumba wakakunja nguo mafungu mafungu, na kila mwenye miguu akakimbilia baraza la bati mbele ya duka la pembejeo. Ziada alikuwa katikati ya msongamano huo, kikapu cha vitunguu kwapani, gauni lake la kitenge cha njano limeshamganda mabegani, alipohisi kitu kinamvuta kiunoni.

"We kaka, umelelewa wapi?" aligeuka na ukali wake wote.

Haukuwa mkono wa mtu. Kijana mrefu alikuwa amebeba dirisha la chuma begani, na ncha ya nondo ilikuwa imenasa mkanda wa gauni.

"Samahani, dada. Si mimi, ni dirisha."

"Dirisha gani hilo linalochagua viuno?"

"Nimelichomelea mwenyewe. Huenda limerithi macho ya fundi."

Baraza zima lilicheka. Kijana akatua mzigo, akapiga goti kwenye tope, akaanza kuunasua mkanda taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Shati lake la bluu lilijaa vitobo vya cheche, na mwilini alinukia chuma na mvua.

"Fundi, kwenu wapi?"

"Newala."

"Ndiyo maana! Kwenu maji ni shida; Mmakonde wa Newala akiyaona yanatoka juu bila ndoo, anachanganyikiwa."

"Na nyinyi Wamakua, watani zangu, mna maneno mengi kuliko korosho." Alisimama, mkanda mkononi, haujachanika hata uzi. "Naitwa Alfredi."

Ziada alimwambia kwamba grili ya duka lake, kule Mkomaindo, ilikuwa imelegea. Ilikuwa kweli, ingawa ililegea tangu mwaka juzi na haikuwahi kumkosesha usingizi.

Duka lenyewe lilikuwa la vinywaji: bia, mvinyo, na pombe kali za chupa kubwa na ndogo. Leseni ilining'inia ukutani ndani ya fremu, na chini yake Ziada alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba hauziwi mtoto, hauziwi aliyekwisha kulewa, na hakuna kunywea barazani. Wateja walimwita Mama Sheria. Hakuchukia. "Mtu akiwa amelewa akaninyooshea pesa," aliwahi kumwambia Alfredi, "mimi nyuma ya ile pesa namwona mke wake amesimama."

Grili ilikazwa, lakini fundi hakuisha visingizio. Mara komeo halibani, mara rangi imebanduka. Akikosa kisingizio alipiga simu.

"Zii, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nasubiri kuitwa."

"Subiri hapohapo, ukiona sahani inapita uidake."

"Ukatili huo, laazizi wangu! Nitakufa mchanga, nikuachie grili tu."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa vicheko na kwa salio la simu. Jambo moja tu Alfredi alilipitia juujuu. Baba yake, ambaye yeye Alfredi alimleta Masasi kutoka Newala baada ya mama kufariki, alikuwa "anaumwaumwa". Anaumwa nini, hakusema.

Asubuhi moja aliingia dukani mzee aliyevaa koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote, kofia kaishika mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Nyumbani wazima? Na biashara inakwendaje?"

Alisalimia kwa utaratibu, kama watu wa zamani, kila neno mahali pake. Kisha akaomba chupa ndogo ya pombe kali. Harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, ilikuwa imemtangulia, na mkono ulioishika grili ulitetemeka mpaka vyuma vikagongana.

"Baba, leo nenda kapumzike," Ziada alisema kwa sauti ya chini. "Umeshalewa. Siruhusiwi kukuuzia, na hata ningeruhusiwa nisingeweza."

Mzee aliachia grili. Hakutukana, hakugombana. Alivaa kofia yake. "Unasema kweli, mwanangu. Mungu akubariki," akaondoka akiegemea ukuta. Adabu ile ilimuuma Ziada kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa na walevi.

Jumapili iliyofuata Alfredi alimpeleka nyumbani kumtambulisha. Ziada alivaa blauzi nyeupe na kitenge kipya, akabeba sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa. Aliyeinuka kitini kumpokea alikuwa amevaa koti la kahawia.

"Huyu mbona namfahamu," alisema Mzee Kasiani, akicheka. "Huyu ndiye binti pekee Masasi nzima aliyeninyima!"

Alfredi hakucheka. Alipokuwa akimsindikiza Ziada, alisimama karibu na barabara ya lami.

"Zii, nina ombi. Mzee akija tena, muuzie. Moja tu."

"Alfredi!"

"Nisikilize. Ukimnyima haachi. Anavuka barabara, anakwenda huko vichochoroni wanakouza gongo, anarudi amejipaka matope. Nimemfungia ndani, akatokea dirishani. Nimemwita mchungaji, wameomba pamoja, wamelia pamoja, kesho yake kalewa. Bora anywe kwako, mahali ninapopajua."

"Aliyelewa simuuzii."

"Basi muuzie akiwa mzima. Kwa ajili yangu."

Ziada hakuwa mtu wa kuyumba, lakini aliyesimama mbele yake na macho mekundu ndiye aliyempenda. Akakubali.

Mzee Kasiani alikuja akiwa mzima, amenyoa ndevu. Sheria haikumkataza Ziada chochote, akamuuzia chupa moja ndogo. Mzee alishukuru, akaiweka mfuko wa ndani, akaenda zake. Jua halijafika utosini alikuwa amerudi, anayumba, kofia haipo.

"Nyingine, mkwe."

"Hapana, baba. Ingia ndani ukae."

Alimkalisha kwenye kiti, akampa maji, akampigia Alfredi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Wakati huo akaingia mteja wa shughuli akitaka kreti za bia. Ziada aliinama kuzitoa, na alipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Nje alisikia honi ya bodaboda, kisha kelele za watu.

Bodaboda ilikuwa imemgonga mzee; mguu ulivunjika chini ya goti. Alfredi alifika hospitali na miwani yake ya kuchomelea bado imening'inia shingoni, akamkuta Ziada ameketi kwenye benchi, kitenge kina damu ya mzee.

"Ulimfukuza."

"Sikumfukuza, Alfredi. Nilimkalisha."

"Ungempa, angekaa! Wewe na sheria zako, Ziada. Sheria zako zimemvunja baba yangu."

Angeweza kumwambia habari ya simu. Alimtazama usoni, akaona hakuna mahali pa kuliweka neno hilo, akainuka. Akatembea kwa miguu mpaka dukani, na njia nzima alijiuliza jambo moja. Mzee alivunjwa na chupa aliyomuuzia, au na ile aliyomnyima? 

Simu zikafa. Ziada hakupiga wala hakupigiwa. Alikuwa akipeleka uji wodini saa ambazo alijua Alfredi yuko karakana, na Mzee Kasiani, ambaye wala hakuomba pombe, alimshika mkono na kumsimulia Newala ya ujana wake. Kule alikuwa mshenga. Nyumba nyingi za uwanda ule zilisimama kwa ulimi wake.

"Nikisema mimi, binti hanyimwi," alijigamba, halafu akashusha macho. "Zamani."

Mvua zilikuwa zimeshakolea siku Alfredi aliposimama mbele ya grili, mikono mitupu.

"Ulinipigia."

"Nilikupigia."

"Niliona jina lako kwenye simu siku ileile. Nilikuwa nachomelea geti, mashine inanguruma, sikusikia kitu. Nilipoliona nikajua mwenye makosa ni nani. Hasira ilikuwa yangu, Zii, nikakutwisha wewe." Alishika grili. "Nikuombe msamaha kwa mdomo gani?"

"Kwa huohuo ulionitukania."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

Ziada alilia bila sauti, kisha akajifuta kwa upindo wa kitenge. "Na mzee tutamfanyaje?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui."

 Mteja alikuja, akaona nyuso zao, akarudi.

"Basi nioe," Ziada alisema. "Tusijue tukiwa wawili."

Posa ilikuwa kijijini Chiungutwa, kwa mjomba Yeremia, aliyemlea Ziada. Mzee Kasiani alikataa mshenga. Tangu alazwe hakugusa pombe, na mwanawe, alisema, hatasemewa na mtu wa kukodi. Kwao Ziada hakusimulia habari ya pombe. Mkwe hasemwi, na alimpenda mzee yule kiasi cha kutotaka atazamwe kwa jicho la pembeni.

Siku ilipofika, sebule ya mjomba ilijaa. Alfredi aliketi mkekani na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari. Ziada alikuwa chumbani na wanawake, amejifunika kanga mpya, anachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mzee Kasiani alisimama na mkongojo wake.

"Ndugu zangu," alianza. "Tumekuja..."

Akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, midomo ikacheza bila neno. Mtu mmoja alikohoa. Alfredi alitazama mkeka.

Mjomba Yeremia alikuwa mtu wa moyo mwema. "Mkwe wetu amechoka na safari," alisema. "Jamani, mleteeni kitu cha kulainisha koo!"

Mama mdogo alichukua jagi la uraka. Ziada akamdaka mkono.

"Mama mdogo, mpe maji."

"Maji? Mgeni wa posa, msimu wa mabibo, nimpe maji? Unataka mjomba wako aitwe bahili?"

"Nakuomba."

"Bibi harusi, tulia!" Wanawake wakacheka, na jagi likapita.

Mzee Kasiani alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alitazama pazia, kana kwamba alijua hasa mahali aliposimama Ziada, akatazama muda mrefu. Alfredi aliinuka nusu. "Baba..."

"Kaa, kijana," mjomba alimtania. "Mwache mzee anywe. Yako inakuja."

Akanywa. Mikono ikatulia. Mgongo ukanyooka, na sauti ambayo Newala waliijua zamani ikaijaza nyumba.

"Ndugu zangu, nyumba yetu ina wanaume wawili. Mboga ikizidi chumvi, kila mmoja anamtazama mwenzake, tunakula kwa kulaumiana." Watu walicheka. "Tangu mke wangu alipolala, kwetu hakuna anayeuliza 'umerudi?' Mtu anarudi, mlango unajua, basi. Sikuja kutafuta mtu wa kutuchotea maji. Nimekuja kuomba mtoto. Mtoto ambaye nikikosea ataniambia, na nikianguka hataona aibu kuniita baba."

Mjomba Yeremia alifuta macho. Hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia posa kama ile. Vigelegele vikapasua bati, na Ziada akaitwa. Alitoka, akapiga magoti mbele ya mkwe wake. Mkono uliowekwa kichwani pake ulikuwa wa moto na imara.

"Mwanangu, umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia, baba. Umesema vizuri sana."

"Mwongezeeni mkwe!" mjomba alipaza sauti, na mzee akanyoosha kikombe, macho yake yamejaa machozi ya furaha. Ng'ambo ya mkeka Alfredi alimtazama Ziada, naye akamtazama, na mama mdogo akapita katikati yao na jagi.