Moto Langoni kwa Mama Lissy

Kila Jumatano alasiri, akina mama wa jumuiya ndogo ya Kikatoliki mtaani Ruashi husali nyumba kwa nyumba. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kiongozi wao ni Mama Edith. Akianza wimbo, hata kuku wa jirani hunyamaza.

Siku hiyo walisali kwa Mama Chisanga. Edith aliimba, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Nafasi ya Mama Lissy ilikuwa tupu tena.

Lissy ni Mhindi, Mkatoliki tangu kuzaliwa. Mumewe hutengeneza malori. Lango lao linatazamana na lango la Edith. Kaka yake Edith alipofariki, Lissy alileta gunia zima la makala, yaani makaa ya kupikia, akalala mkekani pamoja na wengine mpaka siku ya maziko. Edith hajasahau. Ndiyo maana moyo ulimuuma. Siku hizi Lissy akikutana naye anasalimu haraka, kisha anakwenda zake. Edith alijiuliza, "Nimemkosea nini?"

Sala ilipokwisha, akauliza:

"Mama Lissy iko mugonjwa?"

"Haiko mugonjwa," Chisanga akajibu. "Banasema mama yake alikufa, kule kwabo Inde."

"Alikufa? Na hatukuenda?"

"Lakini, Mama Edith, mi nilichungulia ku mulango yake kila asubuhi. Hakuna moto, hakuna majani ku barabara. Nikasema basi, Bahindi habafanyake kilio. Banalia bo peke yabo."

Mnajua desturi yetu. Nyumba yenye msiba huwashiwa moto nje. Matawi mabichi huwekwa barabarani. Mpita njia akiyaona, anaingia kutoa pole. Kwa Lissy hapakuwa na moto wala tawi. Basi jumuiya nzima ikakaa nyumbani kwa amani, ikingojea alama!

Edith aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Aliondoka moja kwa moja mpaka parokiani, kwa Sista Myriam.

"Ma sœur, Mama Lissy alifiwa na mama yake, na hatukuenda. Ninaogopa," alisema. "Nikienda sasa, atanifukuza. Nisipoenda, nimemupoteza kabisa."

"Juu ya nini hamukuenda?"

"Tulingoya moto. Chisanga alisema Bahindi habafanyake kilio."

Sista akauliza:

"Ku kilio ya kaka yako, nani aliwasha moto?"

"Bashemeji yangu."

"We mwenyewe haukuwasha?"

"Ah, ma sœur! Mwenye kufiwa atawasha namna gani? Yeye njo wa kulia. Moto ni kazi ya bandugu."

"Bon. Na bandugu ya Lissy beko wapi?"

"Beko Inde."

"Na hapa Ruashi?"

Swali lile lilimchoma Edith.

"Kila Jumapili tunamuita dada," Sista akaendelea kwa upole. "Sikiliza, mama. Maiti ikiwa mbali, kilio ni kilio. Musingoye alama. Mupige hodi. Kama hamujue desturi yabo, muulize: kwenu munafanyaka namna gani? Kuuliza haiko aibu. Na mwambie Chisanga aache kusema Muhindi, Muhindi. Ule mama iko na jina."

"Na akinifukuza?"

"Utarudia kesho."

Jioni ile ile, akina mama walivuka barabara. Edith alibeba mbabula, lile jiko la makala. Chisanga alibeba makala. Papa Adalbert, mume wa Edith, alikuja nyuma na matawi aliyokata uani. Edith alipiga hodi.

Lissy alifungua. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nyuma yake, barazani, viti vilikuwa vimepangwa vizuri, na hakuna aliyekaa.

"Mama Lissy, tunaomba pardon," Edith alisema. "Tulingoya kuona moto ku mulango yako."

"Moto?" Lissy alishangaa. "Nani angewasha? Mi ninapanga viti asubuhi, jioni ninaviondoa. Nilisema, nilienda ku bilio yabo yote, yangu haina bantu. Nilisema ni juu ya ngozi yangu."

Hakuna aliyethubutu kumtazama. Edith akasogea karibu naye.

"Ulikuwa na haki ya kusema vile," alisema. "Sasa tuko hapa. Kwenu munafanyaka namna gani?"

Uso wa Lissy ukalegea. Tangu mama yake afe, hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

"Ku nyumba yetu, mwenye kilio hapikake. Bajirani njo banaleta uji ya muchele. Nyama, hapana."

"Muchele iko kwangu!" Chisanga alipaza sauti, akageuka mbio, kiatu kimoja kikabaki langoni.

Lissy akacheka huku machozi yakimtoka. Edith aliinama, akawasha moto nje ya lango. Adalbert akaweka matawi barabarani. Muda si muda, mwanamke mmoja aliyetoka sokoni akasimama na kapu lake.

"Pole, bamama. Nani alikufa?"

"Mama yetu," Edith akajibu.

Lissy alisikia. Ndipo akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia wakiwa kwao, na akina mama wakamshika. Edith naye alilia, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi. Hakuwa amempoteza jirani yake.

Jumatano iliyofuata walisali kwa Lissy. Tangu hapo jumuiya imekubaliana: mtu akifiwa mbali na ndugu zake, majirani ndio ndugu. Anayesikia kwanza, anapiga hodi kwanza.

Juzi familia moja iliyohamia kutoka Kasomeno ilifiwa. Edith alipofika, alikuta moto umekwisha kuwaka, na Mama Lissy amesimama kando yake, mikono kiunoni, akimgombeza Chisanga:

"Makala yako iko wapi? Bandugu, munachelewa!"