Sauti Kutoka Makaburini

Je, mjukuu wangu, umewahi kusikia wimbo ukiitikiwa kutoka mahali unapojua kabisa hapana mtu aliye hai? Mbula aliusikia, kule Voi, mwaka wa 1999, na mwili ukamsisimka.

Kila Jumamosi alasiri Mbula alifagia vumbi jekundu kanisani, akapanga viti vya wanakwaya, kisha akaingia ofisini kwa Fanuel, kijana aliyejifunza kompyuta Mombasa. Wawili hao walikuwa wakitengeneza ukurasa wa kanisa wa kuwekwa kwenye mtandao. Ulikuwa na picha ya jengo, saa za ibada na maelezo ya njia. Maelezo aliyaandika Mbula mwenyewe: "Shuka kwa Tangi Jeupe, ushike njia ya kushoto mpaka mwisho."

"Mtafute mtu asiyeijua Voi," Fanuel alimwagiza. "Mpe karatasi hii, aje bila kuuliza. Akipotea, tutarekebisha."

Lakini Mbula alikuwa na hamu ya kuona jina lake chini ya ukurasa ule. Kesho yake akasema, "Nimempa mgeni mmoja wa Mwatate, kaka. Amefika vizuri tu." Hapakuwa na mgeni yeyote. Fanuel akaamini, ukurasa ukawekwa.

Majuma machache yakapita. Jumamosi moja upepo ulivuma kutoka mbugani, vumbi likatanda hata jua likafifia kabla ya kutua. Kwaya ilikuwa mazoezini. Wakaimba ubeti wa kwanza, wakanyamaza wavute pumzi. Ndipo sauti nyembamba, iliyochoka, ikaitikia kutoka mbali huko nje.

"Ni mwangwi," Fanuel alisema.

"Mwangwi gani unajua maneno ambayo hatujayaimba?" alinong'ona Nzomo, rafiki yake Mbula. "Inatoka makaburi ya zamani. Mbula, wanakuita. Si ndiwe unayelisha mbuzi juu yao?"

"Nyamaza wewe."

Wakaimba tena. Sauti ikaitikia tena, safari hii ikitetemeka, kisha ikakatika katikati ya neno. Mwanakwaya mmoja akafunga dirisha. Hakuna aliyecheka.

Mbula akachungulia mlangoni. Ng'ambo ya korongo, pembeni mwa makaburi, tangi jipya la maji lilimeta katikati ya vumbi. Lilikuwa jeupe. Lile Tangi Jeupe la reli liling'olewa kabla yeye hajazaliwa! Watu wa Voi walibaki kupaita hivyo kwa mazoea tu. Mgeni angeona tangi moja, na njia ya kushoto yake iliishia makaburini.

Angeweza kunyamaza, waseme ni mzimu. Lakini ndovu walipita pale kila jioni kwenda kunywa maji.

"Kaka Fanuel," alisema, "huyo ni mtu. Mimi ndiye niliyempeleka huko. Sikumpa karatasi mgeni yeyote."

Fanuel aliinuka papo hapo. Alichukua tochi, wakavuka korongo wote watatu. Katikati ya misalaba iliyoinama waliona kitu cheupe kimejikunyata. Nzomo akamshika Mbula mkono. Kile kitu kikainua kichwa: bibi kizee aliyejifunga kitambaa cheupe, karatasi ya ukurasa wao mkononi. Nyuma yake matawi yalikuwa yakivunjika polepole.

"Nilisikia mkiimba," alisema. "Nikaitikia ili mnisikie. Njia sikuiona."

Walimwongoza kimyakimya, hatua kwa hatua, hadi kanisani. Aliitwa Wanza, ametoka Machakos. Karatasi alichapiwa na binti yake afanyaye kazi Nairobi.

"Nisamehe, nyanya," Mbula alisema. "Nilidanganya kwamba njia imejaribiwa."

Wanza alikunywa chai kwanza. "Mwanangu, anayeelekeza ndiye macho ya mgeni. Ukimdanganya, umemfumba macho. Sasa leta hiyo kazi yako tuitengeneze."

Wakakaa mbele ya kompyuta. Wanza akasema herufi ni ndogo mno, namba ya simu haipo, na picha haina hata mtu mmoja wa kumkaribisha mgeni. Mbula akarekebisha yote, na mahali pa tangi akaandika lango la buluu lililopo kweli. Jina lake akalifuta, akaweka namba ya simu.

"Na wewe nyanya," aliuliza, "ulikuja kutafuta nini huku kote?"

Bibi akageuka kuitazama safu ya nyuma ya kwaya. "Marehemu mume wangu alifanya kazi ya reli hapa, akiimba sauti ya nne, ile nzito, katika kwaya hii. Nilitaka kusimama alipokuwa akisimama, niuimbe wimbo wake mpaka mwisho."