Kasha la Abalo Lenye Mapigo

Mnisamehe, hadithi hii nitaiharibu. Mimi huanza kucheka kabla jini halijafika, na likifika nimeshasahau lilikuja kufanya nini.

Basi Abalo, mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika karakana moja ya Kyebando. Kazi yake: kubuni kasha la kulinda kipima mapigo ya moyo, kile cha kubana kidoleni, kisivunjike kikipelekwa zahanati kwa bodaboda. Plastiki aliichora vizuri. Sponji ya ndani, bosi alimkatia kwenye godoro kuukuu.

"Kununua ya nini, binti? Sponji ni sponji."

Alasiri Abalo akalifunga kasha. Ndani kipimo kikalia: ti, ti, ti. Akafungua. Hakikubana kidole cha mtu, lakini kilisoma sabini na mbili.

"Kasereka," akamnong'oneza fundi Mkongomani, "wewe umegusa hii?"

"Mimi? Dada, mimi hata chai yako sigusi."

Sponji ilinuka jasho la mgonjwa. Abalo akakitoa kipimo, nacho kikamng'ata kidole kisitoke, namba zikaanza kushuka, sitini, hamsini, na kila zilivyoshuka kifua chake kilizidi kubanwa, kana kwamba ni yeye aliyelazwa mle ndani na kifuniko kimeshushwa, huku kwenye sponji kitu kikihema taratibu, kwa raha, pumzi zile zile alizokuwa akizikosa yeye.

Kasereka akatoka mbio, akarudi na mzee Sebit, mganga wa mtaa. Mzee alinusa sponji, akarudi nyuma.

"Godoro la nani hili?"

"La mpangaji wangu," bosi akasema kwa sauti ndogo. "Marehemu."

"Amekufa, jini lake umelirithi wewe, ukampa mtoto wa watu! Liite lije kwako. Sasa hivi!"

Thelathini. Ishirini na tisa. Midomo ya Abalo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Bosi akafungua kinywa. Miaka ishirini ya ufundi ikamtangulia ulimi:

"Njoo kesho!"

Kipimo kikaachia. Abalo akaanguka, akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Bosi huyo ni mimi. Na jini si fundi: likiambiwa kesho, kesho linafika, kila alasiri. Nikisikia ti, ti, natorokea mlango wa nyuma, ule ninaoutumia kuwakimbia wateja. Linayemkuta ni Abalo. Kuondoka hawezi: karatasi zake za mafunzo hazijasainiwa, na wa kuzisaini ni mimi.